Shuka Nyeupe na Sensa Iliyosingiziwa

Mama mkwe alikuwa ameanika shuka sita nyeupe kwenye kamba inayokatiza uani kwetu, hapa Kizwite, kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo ya banda la kuku. Zilikuwa shuka za wageni. Jumamosi ile wazee wa upande wa pili walikuwa wanaleta barua ya posa ya wifi yangu, na mama hakutaka walale kwenye shuka za rangirangi. Mume wangu akawasha gari alirudishe nyuma, meza zipate nafasi. Gari likakohoa mara mbili, likatema moshi mweusi, na ule upepo wa Juni wa Sumbawanga, ambao ukishaanza haujui kupumzika, ukaubeba wote ukaubandika kwenye shuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mkwe alisogea, akapitisha kidole kwenye shuka ya kwanza, akakitazama, kisha akakinusa. "Hili si vumbi," akasema. "Ni masizi ya mafuta." Wageni walilala kwenye shuka zangu za maua na posa ikapokelewa vizuri, lakini tangu siku ile gari likawa kesi ya nyumba nzima.

Lenyewe ni Corolla ya mwaka 1997, lililotufikia likiwa limeshatumika Japani. Kabla ya Pasaka lita 10 zilitupeleka Matai na kuturudisha. Kufikia Juni lita zile zile zilitufikisha Matai na nusu ya njia ya kurudi. Usiku mmoja ilibidi shemeji atufuate kwa pikipiki na dumu, baridi ikimkata vidole. Likisimama, mzunguko wa injini ulipanda na kushuka bila mtu kugusa mafuta. Taa ya injini ilikuwa haizimi. Kila asubuhi ndani kulinuka petroli, na kitinda mimba wetu, ambaye kifua chake hakijawahi kuwa kizuri, alikuwa anaanza kukohoa kabla hatujafika shuleni. Hapo ndipo nilipoacha kusema kwamba gari ni mambo ya mume wangu na mafundi wake.

Mume wangu alikuwa na maelezo yake. "Gari hili limezoea pwani," aliniambia. "Huku juu hewa ni nyepesi, injini inasongwa pumzi." Si maneno ya kutupa. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya Dar es Salaam. Pikapu za zamani za kabureta zilipopanda huku zilianza kutoa moshi mweusi kwa sababu hiyo hiyo: kabureta haijui kwamba imepanda mlima, inaendelea kumimina petroli ya pwani kwenye hewa ya huku kwetu Ufipa. Lakini gari letu lina sensa inayopima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini, na kompyuta hupunguza petroli kwa kuifuata. Tena lilikuwa limeishi nasi miaka minne bila kulalamika. Na tulipoteremka Muze kununua mchele, kule bondeni karibu na Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 1,000 chini yetu, moshi uliteremka nasi vile vile.

Fundi wa kwanza alifungua kiboksi cheusi kilicho chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikaanza kupepesa: mara mbili, ikanyamaza, mara tano. Ishirini na tano. "Oksijeni imekufa," akasema, akafunga boneti.

Namba 25 kwenye Toyota za kizazi kile haisemi hivyo. Inasema mchanganyiko ni mwembamba, yaani hewa imezidi petroli. Namba ya sensa ya oksijeni ni 21. Nililijua hilo wiki mbili baadaye, tukiwa tumeshauza magunia mawili ya mahindi na sensa nyingine, iliyofunguliwa kwenye gari bovu, imeshatufikia kwa basi kutoka Mbeya ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Fundi aliifunga, akachomoa betri kwa muda ili kompyuta isahau ya zamani. Siku tatu gari lilikuwa zuri. Siku ya nne taa ikawaka, harufu ikarudi, na fundi akasema spea iliyotumika haiaminiki, tununue mpya kabisa.

Mume wangu alikuwa tayari ameshika ufunguo wa ghala. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia, "Baba, magunia haya ni ya kula mpaka Machi. Tumeshatupa sensa moja na tunataka kutupa ya pili, na hakuna hata moja tuliyoiuliza chochote."

Mimi hufundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, kwa hiyo naomba nieleze kidogo, maana kitu hiki ni kizuri kuliko bei yake inavyoonyesha. Sensa ya oksijeni ukiitazama kwa nje ni kama plagi nene yenye waya. Ndani yake kuna kikofia cha udongo mweupe wa zirkonia, kinachofanana sana na kastabini ambayo mama mkwe huvaa kidoleni akishona, kilichopakwa platinamu ndani na nje. Upande wa nje unaguswa na moshi wa ekzosi. Upande wa ndani unaguswa na hewa ya kawaida. Udongo ule ukishika moto wa zaidi ya nyuzi 300 hivi, huanza kupitisha chembe za oksijeni zenye umeme, kutoka penye oksijeni nyingi kwenda penye oksijeni kidogo. Tofauti ikiwa kubwa, yaani moshi hauna oksijeni kwa sababu petroli imezidi, umeme unapanda hadi karibu volti 0.9. Moshi ukiwa bado na oksijeni, umeme unashuka hadi karibu 0.1. Katikati, penye 0.45, ndipo kilo moja ya petroli imepata kilo zake 14.7 za hewa. Hesabu yake inatokana na Walther Nernst, Mjerumani wa karne ya 19, na kampuni ya Bosch ndiyo iliyoifanya kitu cha gari. Volvo ililitangulia soko nayo mwaka 1976.

Kwa hiyo haifungui petroli wala haifungi. Inanusa tu na kusema. Kompyuta ndiyo inayosikiliza na kuamua.

Jumapili baada ya ibada tulifungua boneti uani. Shemeji, ambaye hufunga umeme wa jua vijijini, alileta mita yake ya namba. Hiyo ya namba ni lazima. Mita ya mshale huvuta umeme mwingi kiasi cha kuupotosha ule mdogo wa sensa. Mama mkwe alitoa pini mbili kwenye kikopo chake cha kushonea, kwa sharti zirudi. Kifungua mimba alikaa kwenye kigoda na daftari la kuandikia namba.

Tulianza na kipasha joto kilicho ndani ya sensa, injini ikiwa imezimwa na bado ya baridi. Sensa yetu ina waya nne: mbili nyeusi ni za kipasha joto, wa bluu ndio unaosema, mweupe ni wa chini. Kwenye kampuni nyingine rangi hubadilika, kwa hiyo ni vizuri kuangalia kabla ya kuchoma pini. Tulichomoa soketi tukapima kati ya zile nyeusi mbili: omu 13. Kipasha joto kilikuwa kizima. Kingekatika, mita isingesoma kitu. Shemeji alitaka kupima omu na kwenye waya wa bluu, nikamzuia. Mita ikipima omu hupeleka umeme wake yenyewe, na kikofia kile hakikutengenezwa kupokea umeme, kimetengenezwa kutoa.

Kisha tukarudisha soketi. Watu wengi hukosea hapa. Sensa hupimwa ikiwa imeunganishwa na kompyuta yake, wakiwa wanaongea, na wewe unasikiliza kando. Nilisukuma pini kwa nyuma ya soketi, sambamba na waya wa bluu, taratibu, mpaka nikaihisi imegusa chuma. Waya mwekundu wa mita kwenye pini, mweusi kwenye hasi ya betri, mita kwenye volti 2. Mume wangu akawasha, akaliacha lichemke dakika 10, kisha akashikilia mzunguko kwenye 2,000 na kitu.

"0.12," akasoma shemeji. "0.09. 0.14. 0.11. 0.10."

Kifungua mimba aliandika zote. Sensa nzima, injini ikiwa ya moto, haikai mahali pamoja: hupanda 0.8 na kurudi 0.2, mara kadhaa ndani ya sekunde 10, kwa kuwa kompyuta inaongeza petroli kidogo, inapunguza kidogo, bila kuchoka. Yetu ilikuwa imelala chini kabisa.

"Si imekufa jamani?" mume wangu akauliza kutoka ndani ya gari, na sauti yake haikuwa ya ushindi. Alikuwa amechoka.

Lakini aliyekufa na anayesema jambo moja tu hawatofautishwi kwa kutazamwa. Ukimpa habari mpya, utajua. Tuliondoa jiko la mkaa uani kabisa, mama akawaita watoto wadogo kwenye baraza, nikachukua dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta na kuipuliza kidogo tu kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Dawa ile huwaka kama petroli, kwa hiyo ghafla injini ikawa na mafuta mengi kuliko hewa.

"0.83!" shemeji akapaza sauti. "Shemeji, 0.83!"

Ilipanda kwa kufumba na kufumbua, kisha dawa ilipoisha ikashuka pale pale chini. Tulirudia mara tatu na mara zote tatu ikapanda. Sensa ilikuwa hai, tena nyepesi. Ilikuwa inatuambia kwamba mbele yake kuna hewa nyingi.

Hapo nikakwama. Shemeji alifungua plagi moja. Ilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Plagi inashuhudia petroli nyingi. Sensa inashuhudia hewa nyingi. Moshi ni ule ule, na mashahidi wawili hawana sababu ya kusema uongo. Usiku sikulala vizuri. Nilichora injini kwenye bahasha ya barua ya posa, nikaifuta, nikaichora tena.

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Jumatatu alfajiri, baridi ya kutoa mvuke mdomoni, mume wangu aliwasha gari na mama mkwe akatoka jikoni amejifunga blanketi. Akasimama mbele ya gari, upande wa rejeta, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, njoo usikilize. Tik, tik, tik. Inavuta hewa pasipoitwa."

Nilisikiliza. Ilikuwepo, kama kucha inayogonga bati, na gari lilipopata joto ikafifia mpaka ikapotea. Ndiyo maana Jumapili, tukiwa na injini ya moto, hatukuisikia.

Nikamuuliza mama neno lile amelipata wapi. Akasema kwa baba yake, naye kwa baba yake mzazi, ambaye alikuwa mfua chuma. Wafipa waliyeyusha mawe kupata chuma kwenye matanuri marefu ya udongo, malungu, yenye kimo cha karibu mita 3, zaidi ya urefu wa mtu. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyatafiti kwa miaka mingi na mabaki yake bado yapo mashambani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ilungu halikuwa na mivukuto. Hewa ilijiingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka kitako, ikivutwa na joto lililokuwa likipanda juu, kama bomba la moshi linavyovuta. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye vitanuri vidogo, vintengwe, vya kusafishia kile chuma. Kwa hiyo ukuta wa ilungu ukipasuka katikati, hewa hupita kwenye ufa badala ya kwenye mirija, na kazi yote ya siku nyingi inakuwa mavi ya chuma. Wazee walikuwa wanazunguka tanuri wakisikiliza. "Baba alisema ufa unapiga mluzi," mama mkwe akaniambia. "Tanuri zima linanguruma, ufa unapiga mluzi."

Fundi yeyote mzuri wa magari angeutambua mlio ule, na sitaki kusema vinginevyo. Lakini kwetu aliyeutambua ni yeye.

Shemeji alifungua bati la kukinga joto linalofunika manifoldi ya ekzosi. Pale inapokutana na injini, upande wa silinda ya nne, nati moja haikuwepo na gasketi ilikuwa imeungua, imeacha alama nyeusi kama unyoya. Ili tuwe na hakika aliziba mdomo wa ekzosi nyuma kwa tambara bichi kwa sekunde chache tu, injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa. Penye ile alama pakazomea mvuke mweupe.

Sasa mashahidi wote wawili walipatana. Moshi wa injini hautoki kama maji ya bomba, hutoka kwa mapigo. Kila pigo likishapita, nyuma yake mgandamizo hushuka, na kama kuna ufa, hewa ya nje huvutwa ndani. Hewa ile ya uani kwetu ilikuwa inaingia kabla ya kufika kwenye sensa. Sensa ikainusa, ikasema kweli: kuna oksijeni hapa. Kompyuta, isiyojua habari za ufa, ikaongeza petroli, ikaongeza tena. Petroli ile ndiyo iliyotuacha njiani Matai, ndiyo iliyomkohoza mtoto, ndiyo iliyokwenda kukaa kwenye shuka. Na zile siku tatu nzuri baada ya kubadilisha sensa zilikuwa kompyuta tu iliyosahaulishwa, ikijifunza upya kuongeza.

Fundi wa gereji alitaka kuziba kwa gundi ya silikoni. Nilikataa, na ningeomba kila mwenye gari akatae. Mvuke wa silikoni ukipita kwenye ekzosi huvaa kile kikofia na kukiziba pumzi. Hiyo ni kati ya njia za uhakika za kuiua sensa, pamoja na injini inayounguza oili, maji ya rejeta yanayovuja ndani, na risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli mpaka nchi zetu za kusini mwa Sahara zilipoachana nayo mwanzoni mwa 2006. Tulinunua gasketi ya bati na nati moja. Bei yake haikufika hata robo ya gunia.

Jumapili iliyofuata tulipima tena, pini ile ile, kigoda kile kile. 0.21, 0.74, 0.80, 0.33, 0.15, 0.68. Kifungua mimba alishindwa kuandika kwa kasi ile, akaweka kalamu chini akabaki kutazama.

Ilibaki jambo moja lililokuwa linanikereketa. Sensa ya kwanza, ile iliyokuja na gari, ilikuwa kwenye kopo la misumari ghalani. Niliichukua, nikaishika kwa koleo shingoni, mita ikiwa kati ya waya wa bluu na ule mweupe, nikaiweka ncha yake kwenye mwali wa jiko la gesi. Kwa muda haikusema kitu. Ncha ikaanza kuwa nyekundu, na mita ikapanda: 0.3, 0.5, 0.72. Nikaitoa kwenye mwali, ikaanguka karibu na sifuri. Nikairudisha, ikapanda. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ilikuwa nzima," akasema.

"Tangu mwanzo."

Aliifunga mwenyewe jioni ile mahali pake, na ile ya Mbeya ikaingia kwenye kopo, kwa siku itakayohitajika kweli. Kesho yake alizifua zile shuka sita kwa mkono. Nne zilitakata.

Lita 10 zilipotupeleka tena Matai na kuturudisha, mama mkwe aliomba kitu, na si kawaida yake kuomba. Alitaka apelekwe kijijini kwao, upande wa Nkasi. Tulikwenda wote, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi, na ndani hakukunuka kitu. Tulipofika alituongoza kwa miguu hadi ukingoni mwa shamba la ulezi lililokwisha kuvunwa. Ilungu limebaki kitako tu, ukuta mwekundu unaofika kiunoni, na nyasi ndani. Aliinama, akafukua kwa vidole penye tundu moja la chini, na kipande cha mrija wa udongo kikatokeza, mdomo wake umeyeyuka ukawa kama kioo.

"Hewa ilipita hapa," akamwambia kitinda mimba. "Weka mkono."

Mtoto akaweka mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha akanigeukia. "Mama, hapa mita ingesoma ngapi?"

Nilimwambia hapo alipoweka mkono, mdomoni mwa mrija, ingesoma karibu na sifuri, kwa sababu hewa ndiyo kwanza inaingia. Lakini juu zaidi, nikamwonyesha mahali hewani palipokuwa na tumbo la tanuri, kati ya makaa na mawe, ingesoma karibu 0.9. Aliutazama mkono wangu ulioinuliwa mahali pasipo na kitu, na bibi yake naye akapatazama.